Mkojo Hausemi Uongo: Tusikubali Kulishwa Unga Tusioujua

Najua kila mwaka jarida hili likitoka wengi hukimbilia ukurasa wa mashairi na ule wa vitendawili. Leo naomba unipe dakika chache kabla hujafika huko. Jambo nililo nalo si tamu, na wapo watakaosema halifai kuandikwa katika jarida la Chama cha Kiswahili. Linahusu mkojo. Linahusu damu. Linahusu kopo la unga lililobandikwa picha ya mwanamume mwenye misuli kama mizizi ya mkuyu. Zaidi ya yote linanihusu mimi mwenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Maoni yangu ni haya, na nayasema mapema ili usije ukasema nilikuzungusha. Mwanafunzi anayekimbia hafai kutia kinywani unga wala tembe yoyote ya kuongeza nguvu ikiwa hawezi kueleza imetoka wapi na ndani yake mna nini. Na mtu mzima anayempa mwanafunzi kitu kama hicho amemkosea, hata kama nia yake ni njema.

Sisi tunaoishi Nakuru na sehemu hizi za Bonde la Ufa tunajua mbio ni nini. Panda gari asubuhi na mapema uelekee Njoro, Elburgon, Molo hadi Keringet. Utawaona vijana wakishuka na kupanda milima kwa makundi, mvuke ukiwatoka vinywani kama moshi wa jikoni. Keringet ndiko alikokulia Faith Kipyegon, yule aliyeshinda mbio za nyika za dunia za chipukizi mwaka 2011 akikimbia miguu mitupu, na ambaye tarehe 5 Julai 2025, mjini Eugene huko Marekani, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 sekunde 48.68, rekodi ya dunia. Kwetu huku mbio si mchezo tu. Mbio ni shamba. Mbio ni karo ya wadogo wako. Mtoto mmoja akikimbia vizuri, nyumba ya mabati inageuka ya mawe, na mama anapata ng'ombe wa gredi. Ndiyo maana kishawishi ni kikubwa. Mtu hauzi roho yake kwa kitu kidogo.

Nina kaka, mtoto wa baba mdogo. Sitamtaja jina kwa sababu ameumia vya kutosha. Alimaliza kidato cha nne akaingia katika kampi ya mazoezi. Alikuwa mwepesi, si mchezo. Siku moja mwenzake wa kampini alimwambia, "Buda, utakimbia na ugali peke yake mpaka lini? Wenzako wanatumia kitu." Akampeleka duka moja mjini, duka ambalo sitalitaja, akanunua kopo la unga wa protini. Muuzaji alimhakikishia kwamba ni chakula tu, wala si dawa. Kopo lilikuwa na maandishi mengi ya kigeni, vitamini kadhaa wa kadhaa, na lile umbo la mwanamume mwenye misuli.

Kaka aliutumia unga ule kwa wiki sita. Akashiriki mbio za barabarani, akamaliza katika nafasi nzuri ya kupata pesa. Akaitwa kupimwa. Akatoa mkojo bila wasiwasi wowote, maana moyoni alijua kwamba hajawahi kudungwa sindano wala kumeza tembe ya ajabu. Baada ya muda barua ikaja. Ndani ya mkojo wake yalipatikana mabaki ya nandroloni, dawa ya kututumua misuli.

Ala! Nyumbani kukawa kama matangani. Kogo, yaani bibi yetu, alituuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: "Hiyo dawa aliinywea wapi, na mimi nimemwona akinywa maziwa na mursik?" Kaka alipoambiwa alete ushahidi kwamba huenda uchafu ulitoka kwenye kopo, kopo lilikuwa limetupwa zamani. Risiti hakuna. Nambari ya toleo lile la unga hakuna. Muuzaji akasema hamjui. Akashauriwa akubali mapema ili apunguziwe mwaka mmoja. Adhabu ya miaka minne ikawa mitatu. Leo anaendesha boda boda, anapeleka maziwa kwa wateja. Hatutajua kamwe kama ni unga ule au ni kitu kingine alichopewa kampini akaambiwa ni vitamini. Kopo lilienda na siri yake.

Sasa hebu tuulize: mashine inajuaje? Wengi wetu hudhani ni uchawi au ni chuki. Mimi nilidhani hivyo pia, mpaka nilipomsumbua mwalimu wetu wa kemia akanielewesha. Unakumbuka lile zoezi la kidato cha kwanza, tulipoweka tone la wino kwenye karatasi ya kuchujia, tukadondosha spiriti, wino mweusi ukatawanyika ukawa na rangi ya samawati, nyekundu na manjano? Ile ndiyo kromatografia. Maabara ya kupima wanariadha hufanya jambo lile lile kwa ustadi mkubwa zaidi. Mkojo hupitishwa kwenye mrija mwembamba, na kila kitu kilichomo hutoka kwa wakati wake, kimoja kimoja, kama abiria wanaoshuka matatu. Kila kinachotoka huingia katika mashine nyingine iitwayo spektrometa ya masi. Hiyo huvunja molekuli na kupima uzito wa vipande vyake. Vipande hivyo ni kama alama za vidole. Ni nadra sana molekuli mbili tofauti kutoka kwa wakati mmoja na kuvunjika kwa namna moja.

Jambo lingine ni kwamba mashine haitafuti dawa yenyewe peke yake. Unapomeza kitu, ini hukigeuza, na figo hutoa mabaki. Dawa inaweza kuwa imekwisha nguvu mwilini lakini mabaki yake yangali yakitoka kidogo kidogo. Mabaki ya baadhi ya dawa za kututumua misuli huonekana kwa wiki nyingi, hata miezi. Ndiyo maana anayesema "niliacha mwezi jana, niko safi" anajidanganya.

Na usidhani ni lazima uwe umekunywa debe zima. Kwa mabaki ya nandroloni, mpaka uliowekwa ni nanogramu 2 katika mililita moja ya mkojo. Nilipiga hesabu. Chukua boza za maji 100, zile za lita 10,000 kila moja, uzimwage pamoja. Halafu chukua sukari gramu 2, ambayo haifiki hata kijiko kimoja cha chai, uikoroge humo. Hicho ndicho kiwango ambacho mashine inakitambua. Sasa fikiria kiwandani, mashine iliyosaga dawa asubuhi ikasaga unga wa protini jioni bila kuoshwa vizuri. Vumbi tu linatosha kukuharibia maisha.

Si mawazo yangu matupu haya. Kati ya mwaka 2000 na 2001 wataalamu wa maabara ya Cologne, Ujerumani, walinunua virutubisho 634 katika nchi 13. Havikuwa dawa za misuli. Vilikuwa virutubisho vya kawaida, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwamba kina homoni. Walipovipima walipata 94 vyenye homoni za aina hiyo zisizotajwa kwenye kibandiko. Yaani karibu kimoja katika kila saba. Kama mandazi ya kantini yangekuwa hivyo, moja katika saba lina sumu, nani angepanga foleni saa nne?

Damu nayo ina kazi yake. Iko dawa iitwayo EPO, inayofanya mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi ili ubebe oksijeni zaidi. Hiyo ndiyo iliyowaangusha baadhi ya mabingwa wetu. Rita Jeptoo alipatikana nayo mwaka 2014. Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza wa kike kushinda marathoni ya Olimpiki, kule Rio mwaka 2016, alipatikana nayo mwaka uliofuata. Mwili wenyewe hutengeneza EPO yake, lakini ile ya kiwandani hutofautiana nayo kidogo kwa umbo, na maabara huzitenganisha. Isitoshe, tangu mwaka 2009 ipo pasipoti ya damu. Damu ya mwanariadha hupimwa mara kwa mara kwa miaka, na mabadiliko yasiyo ya kawaida huonekana hata kama dawa yenyewe haikupatikana. Damu haina subira kama mkojo. Huharibika isipopimwa mapema. Ndiyo maana ilikuwa habari njema mwaka 2018 maabara ya kupima damu kwa ajili ya pasipoti hiyo ilipofunguliwa Nairobi. Mkojo bado husafirishwa kwa ndege hadi maabara za ng'ambo.

Najua kuna msomaji anayeguna: "Hayo ni ya mabingwa. Mimi nakimbia mashindano ya shule tu." Sikiza basi. Kaka yangu naye alikuwa hivyo miaka miwili tu kabla ya ile barua. Tena si unga peke yake unaohusika. Vitu vya kawaida kabisa vinaingia katika hesabu hii.

Chai yetu ya Kericho ina kafeini. Zamani kafeini ilikuwa na mpaka wake, ukizidisha unaadhibiwa, lakini iliondolewa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004. Kwa hivyo kunywa chai yako kwa amani. Miraa na mugukaa, la. Ndani yake mna kathini, na siku ya mashindano ikizidi mikrogramu 5 katika mililita ya mkojo, umenaswa. Dawa za mafua nyingi zina pseudoefedrini, ambayo nayo ina mpaka siku ya mashindano. Tramadoli, dawa ya maumivu ambayo watu huimeza kama peremende, ilipigwa marufuku siku ya mashindano kuanzia Januari 2024. Hata ile tabia ya kwenda kliniki kutundikiwa chupa ya maji kwa sababu ati umechoka ni hatari. Zaidi ya mililita 100 katika saa 12 ni kosa, isipokuwa umelazwa hospitalini au unatibiwa kihalali. Mtu mgonjwa anayehitaji dawa iliyokatazwa haambiwi afe. Yuko huru kuomba kibali cha matibabu akiwa na barua ya daktari. Ila aombe kibali hicho mapema, asingoje mpaka mambo yaharibike.

Ukitaka mfano wa karibuni, huu hapa. Oktoba 2024 Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 dakika 9 sekunde 56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Machi 2025 mkojo wake ukapatikana na haidroklorothayazaidi, dawa ya kukojoza wanayopewa wenye shinikizo la damu. Kwa kuwa inajulikana kwamba dawa hii huweza kuingia katika tembe nyingine kwa bahati mbaya, umewekwa mpaka wa nanogramu 20 kwa mililita ili wasio na hatia wasiumizwe. Wake ulikuwa nanogramu 3,800, yaani mara 190. Alieleza kwamba alikuwa mgonjwa akameza dawa za mfanyakazi wake wa nyumbani. Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu. Sina la kumhukumu. Nasema tu kwamba katika sheria hii neno "sikujua" halikuokoi. Kilichomo mwilini mwako ni chako. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi kikulacho ki kikombeni mwako.

Wapo wanaosema kwamba vipimo hivi ni njama ya Wazungu kuwaangusha Wakenya kwa sababu wameshindwa kutufikia. Hoja hii nimeisikia kwenye matatu, nimeisikia sokoni, hata humu bwenini. Mimi siikubali. Anayepimwa huchagua mwenyewe chupa zilizofungwa, hugawa mkojo wake katika chupa ya A na ya B, na huzifunga kwa mkono wake. Maabara haipelekewi jina wala nchi. Inapelekewa nambari. Akitilia shaka jibu la chupa ya A, ana haki ya kudai ya B ifunguliwe. Je, nambari ina kabila? Nambari ina rangi?

Halafu tujiulize, anayeibiwa na mdanganyifu ni nani? Mwaka 2021 Diana Kipyokei alivuka utepe wa kwanza katika marathoni ya Boston. Baadaye akapatikana na dawa iitwayo triamsinoloni, akanyang'anywa ushindi. Aliyekuwa wa pili, na aliyestahili kusimama juu siku ile, alikuwa nani? Edna Kiplagat, Mkenya mwenzake, mama aliyekuwa na umri uliopita miaka 40. Alipata ushindi wake baadaye, si siku ile mstarini. Mashine haikumuibia Mkenya. Mashine ilimrudishia Mkenya mali yake.

Hoja nyingine ni nzito zaidi na siwezi kuikwepa. Wenzangu husema: "Chakula cha shule ni githeri Jumatatu, githeri Jumanne. Wasichana tunakimbia na damu kidogo. Bila kirutubisho tutashindana vipi?" Ni kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kuzimia mazoezini. Lakini jibu si kopo. Nilipopelekwa hospitalini nilitolewa damu kidogo kwenye kidole, ikaonekana imepungua, nikaandikiwa tembe za madini ya chuma, ambazo hazijakatazwa na hazikufika bei ya kopo. Umeona? Kipimo kile kile cha damu tunachokiogopa ndicho kilichonisaidia. Pima kwanza, ujue unapungukiwa na nini, ndipo utibiwe. Mwenye kumeza vitamini kumi asizozihitaji anatajirisha choo. Wale waliowahi kumeza vitamini B wameona mkojo ukiwa wa manjano makali kama rangi ya kuchorea. Ile ni pesa ya mzazi inatoka.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na naomba uongozi wa shule uyasome.

Kwanza, mtu yeyote asigawe unga, tembe, wala sindano katika timu ya shule bila muuguzi kujua na mzazi kuandikiwa. Hata kama ni glukosi. Mazoea huanza na glukosi.

Pili, kila mwanariadha afundishwe kutunza ushahidi. Ikiwa ni lazima utumie kirutubisho kwa ushauri wa daktari, weka kopo, weka risiti, andika nambari ya toleo na siku ulizotumia. Sheria yenyewe inasema anayethibitisha kwamba kirutubisho kilichafuliwa, na kwamba hakuwa na uzembe mkubwa, anaweza kupewa onyo tu badala ya miaka. Kaka yangu hakuwa na cha kuonyesha. Kopo tupu lingekuwa na thamani kuliko medali.

Tatu, elimu itufikie. Nchi yetu ilipotangazwa kwamba haijatimiza kanuni za WADA mwaka 2016, Bunge lilikwisha kupitisha sheria na shirika la ADAK likaundwa mwaka huo huo. Mwaka 2022 tulipokaribia tena kufungiwa nje, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5. Vizuri. Swali langu la mwanafunzi ni hili: katika pesa hizo, ni ngapi zinazofika katika shule ambayo ina uwanja wa nyasi na mwalimu mmoja wa michezo? Orodha ya dawa zilizokatazwa imeandikwa kwa lugha ya wataalamu. Kwa nini isiandikwe kwa Kiswahili chepesi, ikabandikwa ukutani kando ya ratiba ya mechi? Hiyo ni kazi ambayo hata chama chetu kinaweza kuianza. Tuna wenye mwandiko mzuri, tuna washairi. Tusingoje Nairobi.

Nne, makopo yapimwe kabla hatujapimwa sisi. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lipo. Chuo Kikuu cha Egerton kiko hapa Njoro, mwendo mfupi tu, na kinafundisha kemia. Je, haiwezekani sampuli za unga unaouzwa madukani mjini zikachunguzwa na majina yakatangazwa? Ni ajabu kwamba kijana aliyedanganywa anafuatwa hadi kitandani saa kumi na moja alfajiri, lakini muuzaji halali kuliko jogoo na hakuna anayembishia hodi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa nimefika pale nilipoahidi.

Ndugu msomaji, kopo lile la kaka nililionja. Ilikuwa likizo, kabla ya mashindano ya kaunti. Alinikorogea vijiko viwili katika maziwa kila asubuhi kwa wiki tatu, kwa upendo kabisa, akaniambia, "Kunywa, dada yangu, na wewe utoke." Nilikunywa. Muhula ule nilikimbia mita 1,500 na nikashika nafasi ya mwisho ya kuendelea hadi mashindano ya kanda. Nyuma yangu, kwa hatua moja, alikuwa msichana wa shule nyingine. Nilimwona akiinama, mikono magotini, na alipoinuka alikuja kunipa mkono. Hakwenda kanda. Mimi nilienda.

Hakuna aliyenipima. Shuleni hatupimwi. Labda unga ule haukuwa na kitu. Labda nilimshinda kwa miguu yangu na githeri. Lakini tangu barua ya kaka ije, medali ile siwezi kuitazama. Nimeitoa ukutani nimeiweka sandukuni chini ya nguo. Mama aliniuliza kwa nini, nikamwambia msumari ulilegea. Huo ulikuwa uongo, na nitamwambia mwenyewe kabla jarida hili halijafika nyumbani.

Nimemweleza mwalimu wa michezo yote haya. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba hajui sheria inasemaje kwa jambo kama hili, na kwamba ataandika barua kwa waandalizi. Amefanya hivyo. Sijui watajibu nini. Muhula ujao nitakimbia tena, nikijaliwa, na tumboni mwangu mtakuwa na ugali, sukuma, maziwa na tembe za chuma zilizoandikwa na daktari. Nikishindwa, nitakuwa nimeshindwa mimi.

Na wewe msichana wa shule ile, kama jarida hili litakufikia kupitia kwa rafiki, nataka ujue kwamba nakumbuka jezi yako ya kijani na mkono ulionipa. Tukutane mstarini. Nakuomba radhi.

Wenzangu, mkimbiaji wa kweli hana haja ya kuogopa chupa ndogo. Kopo kubwa ndilo la kuogopa. Mtu akikukorogea kitu usichokijua, awe kocha, awe rafiki, awe ndugu unayempenda kama ninavyompenda wangu, muulize kwa adabu: "Hiki ni nini?" Asipoweza kukujibu, mshukuru, kisha unywe maji.